Sawa, Mama, Karibuni

4 Februari

Mdogo wangu Mwalimu,

Usishtuke kuona maandishi marefu hivi kutoka kwangu. Huku ni salama. Simu zako nimeziona, na za Mama nimeziona. Sikupokea kwa sababu tangu tulipoamriwa kurudi ofisini siku zangu zimekuwa vurugu tupu.

Unakumbuka nilivyokuwa najisifu wakati ule tunafanyia kazi nyumbani? Malalamiko ya wastaafu yanaingia kwa maandishi, nayasoma nimevaa kaptula, nayajibu, jioni meza ni nyeupe. Walinipa hata cheti cha mtumishi bora. Sasa tangazo limetoka kwamba kila mtu arudi kwenye kiti chake, na kiti changu unakijua, ni kile cha dirisha la malalamiko. Mbele yangu kioo chenye kitundu cha kuongelea, nyuma yangu feni linalolia kama mashine ya kusaga, na kutwa nzima watu wanazungumza. Nikifika nyumbani sitaki sauti ya binadamu, hata ya mtu ninayempenda.

Kwa hiyo nakuomba tuandikiane. Wewe maandishi hayakusumbui. Mwambie Mama simu yangu ina hitilafu ya spika. Ukiandika, nakujibu.

Nimeomba niruhusiwe kuendelea kufanyia kazi nyumbani, angalau siku kadhaa kwa wiki. Mkuu wetu mpya wa kitengo ni yule binti niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, alipokuwa hajui hata kupiga muhuri ukakaa sawa. Hawezi kuniangusha.

Goti la Mama linaendeleaje?

Kaka yako

*

6 Februari

Kaka,

Nilikuwa chumba cha walimu nilipoisoma barua yako kwenye simu. Wenzangu waliuliza kama nimepewa uhamisho, uso ulivyonikunjika.

Spika. Haya. Basi spika hiyo imeharibika tangu mwaka jana. Mama anakutumia ujumbe wa sauti. Anajipanga kwanza, anakohoa, anakusalimu, anakupa habari za nyumbani mpaka za kuku wa jirani, na wewe unamjibu kwa kidole gumba. Juzi alinionyesha simu akaniuliza, "Hiki kidole maana yake nini? Amekubali au ameniambia ninyamaze?" Nikamwambia umekubali. Akasema, "Lakini nilimuuliza kama anakula vizuri."

Na Jumapili ile ulipopokea, mimi nilikuwa nimekaa naye mkekani. Yeye anaeleza, wewe "ndiyo, Mama", anaeleza tena, wewe "sawa, Mama". Mwisho "karibuni", ukakata. Niliona unavyoharakisha. Sikusema kitu kwa sababu yeye alikuwa anatabasamu.

Goti ni baya. Mengine sina haja ya kuyarudia, amekueleza yote mwenyewe. Mpango uko vilevile.

Watu wakipata cheo hubadilika, kaka, tumeshawaona. Lakini wewe cheo chenyewe hujapewa, kwa hiyo sijui kilichokubadilisha ni nini.

Mdogo wako

*

12 Februari

Kwa: Afisa Mwandamizi, Dirisha la Malalamiko

YAH: OMBI LA KUFANYIA KAZI NYUMBANI

Somo hapo juu lahusika.

Ombi lako limepokelewa na kujadiliwa. Kwa mujibu wa mwongozo mpya, watumishi wote wanaohudumia wananchi ana kwa ana wanatakiwa kuwepo ofisini siku zote za kazi, isipokuwa mwenye tatizo la kiafya lililothibitishwa na daktari. Barua yako inataja "sababu binafsi". Sababu hiyo haimo katika mwongozo. Ombi halijakubaliwa.

Hata hivyo, kwa kuwa ulinieleza kwa mdomo kwamba unasumbuliwa na mgongo, ofisi imekupatia kiti chenye egemeo maalumu.

Mkuu wa Kitengo

(Chini, kwa mkono:)

Kaka, hapa naandika kama mimi. Kiti hicho ni cha Mama Masjala, ofisi haina kingine. Nilipomweleza habari ya mgongo wako alikisukuma mwenyewe mpaka dirishani kwako, akasema wa kwake ameshauzoea. Kama kuna jambo jingine nyuma ya ombi lako, niambie. Ni wewe uliyenifundisha kwamba faili lisilo na maelezo halitembei.

*

20 Februari

Mdogo wangu,

Umenichapa vizuri, kama unavyowachapa wanafunzi wako wa hesabu. Sina la kujitetea. Mwambie Mama nakula, na nakula vizuri.

Niko nyumbani kwa likizo ya ugonjwa. Mgongo. Daktari wa kliniki ya hapa jirani aliniuliza panauma wapi, nikashika kiunoni, akaandika. Mgongo ni ugonjwa wenye adabu, hauombi kipimo. Natania tu. Kuuma unauma.

Ofisini walinipa kiti cha Mama Masjala. Unamkumbuka, yule mama mnene wa masjala niliyekuwa nakusimulia, aliyebeba mafaili tangu ofisi haijaona kompyuta, mpaka uti wa mgongo ukampinda. Kiti kile alikipata baada ya kuandika maombi mengi. Nilikikalia kwa siku kadhaa, na kila alipopita alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniuliza, "Mgongo vipi, baba?" Nikamjibu afadhali. Yeye alikuwa anakalia stuli. Na sasa nisipokuwepo, nasikia ndiye aliyewekwa dirishani kwangu.

Kuna jambo lilitokea siku yangu ya mwisho pale. Ni dogo, nitakusimulia siku nyingine.

Usinipigie. Andika.

Kaka yako

*

24 Februari

Kwa: Afisa Mwandamizi, Dirisha la Malalamiko (aliye likizo ya ugonjwa)

YAH: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO

Ofisi imepokea lalamiko la mjane wa mstaafu, uliyemhudumia siku ya kazi iliyotangulia likizo yako.

Mlalamikaji anaeleza kwamba alifika dirishani kutoa taarifa ya kifo cha mume wake. Alipotamka kwamba mumewe amefariki, wewe ulitabasamu, ukasema "Hongera sana, mama", kisha ukaongeza kwamba sasa atapumzika na kuwaachia vijana kazi. Mlalamikaji anaeleza kwamba watu waliokuwa kwenye foleni walisikia, na baadhi walicheka. Aliondoka bila kuhudumiwa.

Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi kabla ya mwisho wa wiki.

Mkuu wa Kitengo

(Chini, kwa mkono:)

Nimeisoma barua ya huyu mama na bado siamini. Miaka yote niliyokaa nyuma yako nikijifunza, sijawahi kukuona ukimkosea mtu adabu. Nisaidie kuelewa.

*

26 Februari

Kwa: Mkuu wa Kitengo

YAH: MAELEZO YANGU

Nakiri kwamba maneno yaliyotajwa niliyatamka. Siku hiyo nilikuwa na maumivu makali ya mgongo, nikawa nimepoteza umakini. Sikukusudia kumdhihaki mlalamikaji. Naomba radhi kwa ofisi, na niko tayari kwa hatua yoyote ya kinidhamu.

Afisa Mwandamizi

*

28 Februari

Kwako wewe,

Leo sikuiti kaka.

Tulikuja. Juzi, kama Mama alivyokuambia kwa mdomo wake na wewe ukamjibu karibuni. Miadi yake ya goti ilikuwa hospitali kuu, hapo mjini kwako. Mpango ni kwamba tukitoka kwa daktari tupumzike kwako, tulale, kesho yake turudi. Mama alikubebea karanga za kukaanga, alizichambua mwenyewe moja moja.

Hospitali walimchoma sindano ndani ya goti. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako alitembea akinishika bega, kila hatua anavuta pumzi. Nilikupigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Tukagonga. Jirani yako aliyekuwa anaanika nguo akasema, "Yumo ndani, leo hajatoka." Tukagonga tena, mpaka yule jirani akaanza kutuangalia kama watu wanaodai deni.

Basi tukazunguka upande wa dirisha, na tukakuona. Umekaa mezani, umetupa mgongo, unaandika kwenye kompyuta. Mama akashika nondo za dirisha akakuita. Hakuita jina la ukubwani, aliita lile la utotoni, ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Hukugeuka. Akaita tena. Ulinyoosha mkono, ukachukua kikombe, ukanywa chai, ukaendelea kuandika.

Nilitaka kulivunja lile dirisha. Mama akanizuia. Akasema, "Ana kazi. Twende." Kisha akaniambia nisikuulize, kwa sababu mtu mzima akiamua kutogeuka ana sababu zake.

Tulilala stendi kwenye benchi, mguu wake nimeuweka juu ya begi. Karanga tulimpa yule jirani yako.

Sasa mimi nakuuliza, japokuwa amenikataza. Tumekukosea nini?

Aliyekuwa mdogo wako

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni.

Sikuwapa mgongo. Sikuwasikia.

Naandika neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata daktari. Sisikii. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia linashika sauti, lakini maneno linayaacha, kama redio iliyokaa kati ya stesheni mbili. Ilianza polepole, nikawa nasogeza kiti karibu, nageuza kichwa, naangalia midomo ya watu. Ulipokuja ule wakati wa kufanyia kazi nyumbani, nilipona, mwenzangu. Malalamiko ni maandishi. Mikutano nilivaa vile vidude vya masikioni nikapandisha sauti mpaka mwisho, na nisiposhika kitu nilisema mtandao unakatika. Kila mtu mtandao ulikuwa unamkatikia, kwa hiyo wote tulikuwa viziwi sawasawa. Ndipo nikapewa kile cheti.

Tulipotakiwa kurudi nikaomba nibaki nyumbani. Waliniambia nieleze sababu, ingawa mwongozo wenyewe unaruhusu mgonjwa abaki. Ningeandika neno moja tu. Nikasema mgongo.

Sauti ya Mama ni ndogo, na siku hizi inanifikia kama kitambaa kinachoburutwa. Jumapili ile sikushika chochote. Nilingoja anyamaze, nikasema ndiyo. Akanyamaza tena, nikasema sawa. Mwisho nikaona amemaliza kabisa, nikasema karibuni, kwa sababu ni neno ambalo haliharibu kitu. Ulipoandika "mpango uko vilevile", nilijua kuna kitu kilinipita. Nilikuwa naweza kukuuliza mpango gani. Ni maneno mawili. Nikaona aibu, nikayaacha.

Na lile jambo nililokuambia ni dogo, si dogo. Alikuja mama mmoja dirishani. Feni linalia, foleni ina kelele, kioo katikati. Akainama kwenye kitundu akasema mume wangu, halafu neno. Pale kwetu watu wanakuja kutwa kusema mume wangu amestaafu, mke wangu amestaafu. Na yeye alikuwa anatabasamu, ule uso ambao mtu anauvaa ili asilie, sasa ndiyo naelewa. Nikasikia amestaafu. Nikampa hongera. Nikamwambia sasa atapumzika, awaachie vijana kazi. Nilisema kwa sauti kubwa, maana siku hizi naongea kwa sauti kubwa bila kujijua. Alisema amefariki.

Aliniangalia. Nikaendelea kutabasamu, nangoja anipe vitambulisho. Aligeuka akaondoka, na mimi nikamwita mwingine. Mtu wa tatu nyuma yake ndiye aliyekuja kuniambia, ameshika kioo kwa mikono miwili, midomo yake naisoma vizuri kabisa: "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Kesho yake nikaenda kliniki kushika kiuno.

Mnajua mlinikuta naandika nini? Nilikuwa naandika maelezo kwa mkuu wangu kwamba nilimjibu yule mama vile kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Niliona bora niitwe katili kuliko kiziwi. Mama ananiita dirishani na mimi natafuta neno zuri la kudanganyia.

Utaniuliza kwa nini. Unamkumbuka Baba mwishoni? Mtaa mzima walimwita Mzee Eti, kwa sababu kila ukimwambia kitu alisema "eti?" Watoto walikuwa wanasimama mbele yake wanafungua midomo bila kutoa sauti, na yeye anaitikia "marahaba, marahaba", anacheka nao. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nasimama pale nasikia kila kitu.

Sikuombi unisamehe leo. Msomee Mama tu. Yote, usimfiche.

Kaka yako

*

3 Machi

Kaka,

Nimemsomea.

Nilimkalisha kitandani, mguu juu ya mto, nikasoma polepole. Nilipofika pale uliposema hukusikia, aliweka mkono juu ya simu kama mtu anayeziba mdomo wa mwingine, akasema, "Ngoja kwanza. Kumbe hakutukataa." Akalia kidogo. Akajipangusa kwa kanga, akasema niendelee. Habari ya yule mjane ilimuuma sana. Aliniambia nirudie.

Mama amekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Mimi niko nyuma, nakuja taratibu, kama yeye na goti lake. Nina hasira bado, na nina aibu pia, ndiyo maana nakuandikia usiku huuhuu. Kule stendi nilimwambia Mama ahesabu kwamba ana mtoto mmoja. Nilimwambia hivyo akiwa na maumivu, hana pa kulala. Yeye akanijibu, "Wewe hesabu unavyotaka, mimi niliowazaa ninawajua." Maneno yangu hayo siwezi kuyarudisha, na ulikuwa huna kosa nililokuwa nakushtaki. Una jingine, lakini si lile.

Halafu kuna hili. Kwenye harusi ya binamu ulikuwa unacheka baada ya wote kumaliza kucheka. Niliona. Nikajiambia labda umechoka. Nadhani nilikuwa najua, nikaona bora nisijue.

Kuhusu Baba, Mama anasema una habari nusu. Anasema Baba hakuona haya kuuliza "eti". Alikuwa anauliza mpaka apate. Wale watoto alijua wanamchezea, na kwa wakubwa wao alikwenda kuwasema mlango kwa mlango. Wewe hukuwa nyumbani, ulishakwenda shule ya bweni.

Anasema pia uende kwa daktari wa masikio, na umwambie mkuu wako ukweli kabla hajausikia kwa mwingine. Na umrudishie yule mama kiti chake. Hilo la kiti amelirudia sana.

Mdogo wako

*

5 Machi

Kwa: Mkuu wa Kitengo

YAH: KUFUTA MAELEZO YANGU YA AWALI

Naomba kufuta maelezo yangu ya tarehe 26 Februari. Hayakuwa ya kweli. Mgongo wangu ni mzima.

Nimepoteza uwezo wa kusikia kwa kiwango kikubwa. Jana daktari wa masikio alinipima, cheti chake nimekiambatisha. Siku ya tukio sikusikia neno alilosema mlalamikaji, nikalibuni. Sikumwomba arudie kwa sababu niliona aibu. Likizo ya ugonjwa niliipata kwa maelezo ya uongo. Kiti nilikipata kwa maelezo ya uongo, naomba arudishiwe mwenyewe.

Nilipanga kuandika barua hii kwa lugha ya ofisi mpaka mwisho, lakini nimeshindwa. Binti yangu, umeniuliza mara ngapi kama kuna jambo jingine. Nilikuwa nakuona ukiuliza. Ilikuwa vigumu kukuambia wewe hasa, kwa sababu ulinikuta nikiwa ndiye mjuzi wa ofisi ile, na nilitaka unikumbuke hivyo.

Nimezungumza na Mama Masjala. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema angekuwa anazungumza nami kwa sauti kubwa kama ningemwambia tu. Halafu akafunga mlango. Hakuufunga kwa nguvu, aliufunga.

Afisa Mwandamizi

*

11 Machi

Kwa: Afisa Mwandamizi

YAH: UAMUZI WA OFISI

Kutokana na barua yako na cheti cha daktari bingwa, ofisi imeamua ifuatavyo. Siku ulizokaa nyumbani kwa maelezo ya mgongo zitakatwa kwenye likizo yako ya mwaka. Utapewa onyo la maandishi, nalo litabaki katika faili lako. Kwa kuwa sasa tatizo la kiafya limethibitishwa, utafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki ukishughulikia malalamiko ya maandishi. Siku mbili utakuwa ofisini. Feni la nyuma ya dirisha limeondolewa, na kioo kitafunguliwa.

Ofisi imemwandikia mlalamikaji barua ya kumwomba radhi na imeshughulikia madai yake.

Mkuu wa Kitengo

(Chini, kwa mkono:)

Kaka, onyo nimelitia saini mwenyewe. Nisingeweza kulikwepa. Ungeniambia mwezi wa kwanza, hiyo hiyo ruhusa ya siku tatu ungeipata bila doa, na yule mama asingetukanwa. Nimekaa na hilo siku nzima, kwa sababu hata mimi niliona unaniangalia midomo kuliko macho, nikadhani umeanza dharau kwa kuwa nimekuwa mkubwa wako.

Radhi ya ofisi imekwenda kwa barua. Ya kwako sidhani kama inafaa kwenda kwa barua. Nimezungumza naye. Hakukubali, hakukataa. Alisema nyumbani kwake anakuwepo Jumamosi.

*

23 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie Mama nakuja Ijumaa. Nimepewa kifaa cha sikio la kulia. Hakinirudishii yote, vijiko vinanipigia kelele kuliko watu, lakini mtu akikaa mbele yangu akasema taratibu, namshika. Mwambie hatazungumza na kidole tena.

Jana nilikwenda kwa yule mama. Nakusimulia wewe kwanza, maana sijui nitamsimuliaje Mama kwa mdomo.

Anaishi chumba cha nyuma kwenye nyumba ya kupanga, ua mrefu, milango imefuatana. Alinikaribisha kwa mkono, nikakaa kwenye kochi. Kiti kingine kilikuwa na koti la mwanamume limetundikwa mgongoni, yeye akakaa kitandani. Hakuwasha taa, kwa hiyo nikamwomba tusogee karibu na dirisha niuone uso wake. Hilo lenyewe lilikuwa gumu kulitamka. Tulisogea.

Nikamweleza. Sikumwambia habari ya mgongo wala ya feni. Nilimwambia, "Sisikii. Sikukusikia, na sikukuuliza."

Akasema, "Ulisikia nini?"

Nikamwambia, "Nilisikia amestaafu."

Akatazama nje. Akasema, "Wiki ile nilikuwa sijalitamka neno lile kwa mtu nisiyemjua. Ndugu walikuwa wanalisema kwa niaba yangu. Siku ile walikuwa kazini wote, nikaenda peke yangu. Nilijizoeza kwenye foleni, nalisema kimoyomoyo, ili nikifika kwako lisinikwame. Na halikunikwama."

Akaniuliza, "Kwa nini hukusema tu kwamba hukusikia?"

"Niliona aibu, mama."

Alinyamaza. Safari hii nilijua kwamba ni kimya kweli, si kwamba nimepitwa. Kisha akasema, tena akanigeukia kabisa ili nimshike: "Kwa hiyo ukaona aibu hiyo niibebe mimi."

Nimesoma malalamiko miaka yote hii, mdogo wangu, ya maelfu ya watu, na hakuna lililoandikwa vizuri kama hilo. Nikamwambia ndiyo. Ndivyo nilivyofanya.

Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Aliniuliza kama nina mke, nikamwambia tuliachana. Akaniuliza kama Mama yuko hai, nikamwambia yuko. Akasema vizuri. Nikaona nisimchoshe, nikasimama, nikamuaga, nikatoka kuelekea uani.

Nilikuwa nimeshampa mgongo aliposema kitu. Nilisikia sauti tu, fupi, nzito kidogo. Nikajua ananilaani, na nikajua anayo haki. Miguu ilitaka kuendelea. Zamani ningeinua mkono, ningesema haya mama, asante, nikaenda zangu.

Nikageuka. Nikasema, "Samahani, mama, sijasikia. Rudia."

Akarudia. "Nimesema subiri. Mbwa wa mwenye nyumba amefunguliwa."

Akavaa kandambili zake, akatangulia mbele yangu mpaka getini.

Kaka yako